Wale ni Nani? Athari za Ustaarabu Uliotoweka katika Bunilizi ya Kisayansi na Usomaji wa Mabaki kutoka Singida Mjini

IKISIRI

Makala hii inafafanua namna ustaarabu uliotoweka wa viumbe wa sayari nyingine unavyoendelea kutenda ndani ya bunilizi ya kisayansi. Inachunguza pia kinachotokea motifu hiyo inaposomwa na msomaji anayeishi jirani na mabaki halisi ya watu wa kale, kama ilivyo katika Singida Mjini. Hoja kuu ni kwamba nguvu ya ustaarabu uliotoweka haimo katika vitu ulivyoviacha peke yake, bali imo katika nafasi anayojipa yule anayevikuta. Nafasi tatu za mrithi zinabainishwa kutoka katika kazi tatu mashuhuri za nje, kisha zinalinganishwa na riwaya za Shaaban Robert, Euphrase Kezilahabi na Katama Mkangi, na hatimaye na michoro ya miambani ya Kondoa na Singida. Makala inahitimisha kwamba katika mazingira ya Afrika Mashariki, maneno "kutoweka" na "ugeni" hayana budi kuhojiwa kabla ya kutumiwa, kwa kuwa yamewahi kutumiwa kuwanyang'anya wenyeji urithi wao.

1.0 Utangulizi

Mji wa Singida umejengwa baina ya maziwa mawili ya maji ya chumvi, Singida na Kindai, katika nchi iliyojaa miamba ya matale. Mahali pengi miamba hiyo imekaa juu ya mingine kana kwamba imepangwa kwa mkono. Mgeni anayeitazama kwa mara ya kwanza huweza kudhani kwamba ni kazi ya watu wenye nguvu zisizo za kawaida. Mwanajiolojia hueleza jambo hilo kwa njia nyingine: mwamba mmoja mkubwa ulipasuka katika mistari, maji yakapenya katika nyufa, jiwe laini likamomonyoka na udongo ukachukuliwa, na sehemu ngumu zikabaki zimesimama. Hakuna aliyezipanga.

Hata hivyo, katika mkoa huohuo ipo miamba ambayo kweli iliguswa na mkono wa mtu. Michoro ya kale imehifadhiwa katika kuta za mapango na vivuli vya mawe, na imekwisha kuwa mada ya utafiti wa kitaaluma. Mwaka 1982 Fidelis Masao alichapisha kazi inayolinganisha michoro ya Kondoa na ile ya Singida. Kwa hiyo mkazi wa Singida Mjini anaishi kati ya mawe ya aina mbili: yale yanayofanana na ujumbe lakini si ujumbe, na yale ambayo ni ujumbe lakini aliyeutuma hayupo tena wa kuulizwa.

Hali hiyo ndiyo inayojengewa visa vingi vya bunilizi ya kisayansi. Wasafiri wanafika katika sayari ya mbali na kukuta mji usio na watu, mashine inayoendelea kufanya kazi, au chumba kilichofungwa na viumbe waliokwisha kufa. Swali la kwanza huwa ni lile la mwanajiolojia: je, hiki kilitengenezwa au kilitokea chenyewe? Swali la pili ni zito zaidi: ikiwa kilitengenezwa, kinamtaka nini yule aliyekikuta? Makala hii inashughulikia swali hilo la pili.

2.0 Dhana ya Ustaarabu Uliotoweka

Katika bunilizi ya kisayansi, ustaarabu uliotoweka ni mhusika wa aina ya pekee. Hausemi, hautembei wala haubadiliki, lakini matendo ya wahusika walio hai yanauzunguka. Mhusika wa kawaida huathiri wenzake kwa kutenda mbele yao. Ustaarabu huu huathiri kwa kuwa umekwisha kutenda na umeondoka. Wahusika hawawezi kubishana nao, kuuomba radhi wala kuurekebisha. Wanachoweza kufanya ni kuufasiri tu.

Athari yake hupitia njia tatu. Njia ya kwanza ni kitu: chombo, silaha au mashine iliyoachwa. Njia ya pili ni mahali: mji, pango au eneo ambalo limebadilishwa kiasi kwamba anayeingia humo hatoki kama alivyoingia. Njia ya tatu ni maarifa: maandishi, picha au kumbukumbu zinazomlazimisha msomaji wake kuitazama upya jamii yake mwenyewe. Kazi nyingi huchanganya njia hizi, ingawa kwa kawaida mojawapo hutawala.

Uchambuzi unaoishia katika njia hizi tatu huona mabaki peke yake, na haumwoni mrithi. Kitu kilekile kinaweza kuwa hazina kwa mtu mmoja, sumu kwa mwingine na kaburi la kuheshimiwa kwa wa tatu. Kwa sababu hiyo, makala hii inapendekeza kwamba kiini cha motifu hii kitafutwe katika uhusiano wa mrithi na mabaki. Sehemu inayofuata inaonesha nafasi tatu ambazo mrithi huyo anaweza kuzishika.

3.0 Nafasi Tatu za Mrithi

3.1 Mrithi aliyekusudiwa

Hadithi fupi ya Arthur C. Clarke iitwayo The Star, iliyochapishwa mwaka 1955 na kupata tuzo ya Hugo mwaka 1956, inatoa mfano wa wazi wa nafasi ya kwanza. Msimulizi wake ni padri Mjesuiti ambaye pia ni mwanasayansi wa anga. Chombo chao kinarudi kutoka katika masalia ya nyota iliyolipuka. Katika sayari iliyokuwa mbali kabisa na nyota hiyo, wamekuta hazina iliyofukiwa na viumbe walioishi katika mfumo huo wa sayari. Viumbe hao walijua kwamba jua lao litawaangamiza. Waliweza kusafiri kati ya sayari zao lakini hawakuweza kuzifikia nyota nyingine. Kwa kuwa hawakuweza kujiokoa, waliokoa kumbukumbu zao: picha, maandishi na kazi za sanaa, vyote vikiwa vimewekwa pale kwa ajili ya yeyote atakayekuja.

Hapa mrithi amekusudiwa. Waliokufa walimtazamia bila kumjua. Mabaki yao hayana tishio wala siri, kwani yametayarishwa yapate kueleweka. Pamoja na hayo, ndiyo yanayomjeruhi msimulizi kuliko silaha yoyote. Kadiri anavyowaelewa viumbe hao, ndivyo anavyowapenda, na ndivyo hesabu yake ya tarehe ya mlipuko inavyozidi kuwa nzito. Mwishoni inabainika kwamba mwanga wa nyota iliyowaua ndio ulioonekana duniani kama nyota ya Bethlehemu. Imani iliyomlea msimulizi na maangamizi ya watu wasio na hatia vimekutana katika tukio moja.

Katika nafasi hii, athari ya ustaarabu uliotoweka ni ya kimaadili. Kwa kuelewa ujumbe, mrithi anaingia katika deni ambalo hawezi kulilipa, kwa sababu wadai wake wamekufa.

3.2 Mrithi anayejidhani

Filamu ya Marekani iitwayo Forbidden Planet, ya mwaka 1956, inaonesha nafasi ya pili. Katika sayari Altair IV waliishi viumbe walioitwa Krell, ambao waliangamia miaka 200,000 kabla ya wanadamu kufika. Chini ya ardhi wameacha mtambo mkubwa mno ambao bado unafanya kazi na kujitengeneza wenyewe. Mwanadamu anayeujua ni Dakta Morbius. Inafaa kuzingatia kwamba yeye si mhandisi wala mwanajeshi, bali ni mtaalamu wa lugha. Ameyafikia maarifa ya Krell kwa kuyafumbua maandishi yao.

Morbius anaamini kwamba kusoma kunamstahilisha kurithi. Anajiona mlinzi halali wa maarifa hayo na anakataa kuwashirikisha wengine. Kile asichokisoma ni sababu ya Krell kuangamia. Mtambo wao uliweza kuyageuza mawazo kuwa vitu halisi, lakini ulizigeuza pia chuki na tamaa zilizojificha katika undani wa nafsi. Krell waliangamizwa na nafsi zao wenyewe katika usiku mmoja. Morbius, akitumia nguvu zilezile, analifufua zimwi lilelile bila kujua kwamba ni lake.

Kwa wanafilolojia na wahakiki, filamu hii ina onyo la karibu. Kuufumbua msamiati wa waliokufa si sawa na kuyaelewa maisha yao. Mrithi anayejidhani ana maneno yote ya ustaarabu uliotoweka isipokuwa lile moja ambalo wenyewe hawakulisema, nalo ndilo linalomwangamiza.

3.3 Mrithi asiyetarajiwa

Nafasi ya tatu imo katika riwaya ya ndugu wawili wa Kirusi, Arkady na Boris Strugatsky, iliyochapishwa mwaka 1972 na kujulikana kwa Kiingereza kama Roadside Picnic. Katika riwaya hii, wageni kutoka anga za mbali walipita duniani kwa muda mfupi, wakaondoka, na kuacha maeneo ambamo kanuni za maumbile zimevurugika. Haielezwi kama wageni hao wamekufa au wako hai. Kwa wanadamu wa riwaya hii hilo halina tofauti, kwa kuwa hawarudi wala hawajibu. Hivyo kazi hii iko jirani sana na motifu ya kutoweka na inafaa kulinganishwa nayo.

Mwanasayansi mmoja katika riwaya anatoa dhana inayoibeba kazi nzima: huenda wageni walisimama njiani tu, kama watu wanaokula na kupumzika kando ya barabara, na vitu vinavyogombaniwa ni takataka zao. Wanadamu wamefanana na wadudu wanaokusanyika baada ya watu kuondoka. Wapo wanaoingia katika eneo hilo kwa siri ili kuiba vitu na kuviuza. Baadhi ya vitu vinatumika kama vyanzo vya nishati ingawa hakuna anayejua vinafanyaje kazi. Wengine wanakufa, na watoto wa wanaoingia huzaliwa wakiwa wamebadilika.

Hapa hakuna ujumbe, hakuna deni wala urithi. Kuna soko. Ustaarabu ulioondoka unaijenga upya jamii ya wanadamu bila kukusudia. Ajira mpya inazaliwa, magendo yanazaliwa, taasisi za utafiti na vikosi vya ulinzi vinazaliwa. Athari yake ni ya kiuchumi na ya kimwili kabla ya kuwa ya kifikra.

4.0 Mabaki katika Bunilizi ya Kiswahili

Huweza kudaiwa kwamba motifu hii ni ya kuazima na haina mizizi katika fasihi ya Kiswahili. Dai hilo linakuwa na nguvu pale tu bunilizi ya kisayansi inapotambuliwa kwa roketi na mitambo peke yake. Ikiwa kigezo ni uhusiano wa mrithi na mabaki, kama ilivyopendekezwa hapo juu, basi Kiswahili kina mifano yake ya zamani na ya sasa.

Mfano wa kwanza ni Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, iliyochapishwa mwaka 1952. Kisa chake kina nasaba na hadithi za Alfu Lela u Lela. Adili anafika katika mji ambao watu wake wote wamegeuka mawe. Ustaarabu mzima umesimama kimya. Tofauti na mji wa sayari ya mbali, mji huu umebakiza shahidi mmoja, msichana aitwaye Mwelekevu, naye ndiye anayesimulia yaliyotokea. Kwa hiyo Adili haachwi afasiri mawe peke yake. Anapewa tafsiri na mtu wa mji wenyewe.

Athari ya Mji wa Mawe haiishii katika fundisho hilo. Adili anaondoka na Mwelekevu, na kuwepo kwake kunaamsha wivu wa ndugu zake, Hasidi na Mwivu, ambao wanamtosa Adili baharini. Adhabu ya kugeuzwa manyani inatokana na tendo hilo. Mji uliokufa haukuwafanya ndugu hao kuwa waovu. Ulileta kitu kilichouweka uovu wao hadharani. Mabaki yametenda kama kipimo cha warithi, jambo lilelile linalotendwa na mtambo wa Krell kwa Morbius.

Mfano wa pili ni riwaya mbili za Euphrase Kezilahabi, Nagona ya mwaka 1990 na Mzingile ya mwaka 1991. Wahakiki wamezisoma zaidi kama kazi za kifalsafa, na usomaji huo ni sahihi. Hata hivyo, mandhari yake yana sura ya ulimwengu ambao ustaarabu wake umekwisha. Msimulizi asiye na jina anasafiri katika ukimya na magofu. Wanafalsafa na wanasayansi wa Ulaya waliokufa zamani wanatokea kama watu anaoweza kuwakuta, na katika Mzingile dunia inaonekana ikiwa imepitia maangamizi makubwa. Ustaarabu uliotoweka katika riwaya hizi ni wa wanadamu, na mabaki yake makuu ni mawazo. Swali la Kezilahabi ni kali: je, mawazo yaliyoifikisha dunia kwenye maangamizi yanaweza kumwongoza yule anayeanza upya, au yeye naye anarithi zimwi pamoja na maarifa?

Mfano wa tatu ni Walenisi ya Katama Mkangi, mwandishi na mwanasosholojia wa Kenya, iliyochapishwa mwaka 1995. Mhusika mkuu, Dzombo, anahukumiwa kifo kwa kupakiwa katika chombo cha kwenda angani, na badala ya kufa anafika katika sayari yenye jamii ya haki. Jamii hiyo haikutoweka. Iko hai na inamfundisha. Umuhimu wa kazi hii kwa mjadala huu umo katika jina lake. Walenisi ni "wale ni sisi". Mkangi anampeleka msomaji katika sayari nyingine, kisha katika jina la sayari hiyo anaufuta ugeni wa wakazi wake.

Kwa pamoja, kazi hizi zinaongeza nafasi ya nne ambayo haikujitokeza katika mifano ya nje: mrithi mwenye undugu. Huyu hakutani na mgeni aliyekufa. Anakutana na jamaa ambaye hakumtambua. Katika Adili na Nduguze undugu huo unajengwa na shahidi, katika Kezilahabi unajengwa na mawazo yaliyokwisha kuingia katika kichwa cha msafiri, na katika Mkangi unatamkwa na jina lenyewe.

5.0 Miamba ya Kondoa na Singida kama Kisa Halisi

Nafasi hizi nne si za kubuni tu. Zinaonekana katika historia ya michoro ya miambani ya Tanzania ya kati. Eneo la Kondoa lilitambuliwa na UNESCO kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2006. Lina zaidi ya vivuli vya mawe 150 katika eneo la kilometa za mraba 2,336. Mary Leakey alinakili sehemu ya michoro hiyo mwaka 1951, na mwaka 1983 ikachapishwa katika kitabu chake Africa's Vanishing Art. Inafaa kukumbuka kwamba jina la kitabu hicho linaitaja sanaa kuwa inatoweka. Halisemi kwamba wenyewe wametoweka.

Watafiti hubainisha makundi mawili makubwa ya michoro. Ile ya rangi nyekundu, yenye wanyama na watu warefu wembamba, huhusishwa na jamii za wawindaji na wakusanyaji. Ile ya rangi nyeupe huhusishwa na jamii za wakulima na wafugaji waliofika baadaye. Mahali pengine nyeupe imechorwa juu ya nyekundu. Katika lugha ya makala hii, huo ni ushahidi kwamba warithi wa kwanza wa mabaki hayo hawakuwa wanaakiolojia. Walikuwa wakulima walioukuta ukuta umekwisha kuandikwa, nao wakaongeza neno lao.

Kivuli cha Mongomi wa Kolo kinadhihirisha jambo hilo hadi leo. Mahali hapo panaendelea kutumiwa na wenyeji kwa matambiko, yakiwemo ya kuomba mvua na uponyaji. Watumiaji hao si wachoraji wa michoro myekundu, lakini hawalitazami jiwe hilo kama kumbukumbu ya watu wasiowahusu. Kwao mahali hapo pana kazi. Wako katika nafasi ya mrithi mwenye undugu, awe wa damu au wa mahali.

Katika eneo hilohilo ipo pia nafasi ya mrithi asiyetarajiwa. Imeripotiwa kwamba watu wamechimba chini ya vivuli vyenye michoro wakitafuta mali inayodhaniwa kufukiwa na Wajerumani. Mchimbaji wa namna hiyo anafanana sana na wanaoingia kwa siri katika eneo la riwaya ya ndugu Strugatsky. Anaichukulia alama ya ukutani kuwa ramani ya soko. Katika kuchimba huko tabaka za udongo huvurugwa, na pamoja nazo ushahidi wa pekee ambao ungeweza kumsaidia mtu mwingine kuuliza swali lililo bora.

Mtaalamu naye hana budi kujipima. Akiamini kwamba kunakili na kuainisha michoro kunamfanya kuwa msemaji wake, anaikaribia nafasi ya Morbius. Tofauti ya mtaalamu mwadilifu ni kukiri mipaka ya usomaji wake na kuwasikiliza wanaoishi na mabaki hayo.

6.0 Hatari ya Neno "Kutoweka"

Pingamizi moja linastahili kujibiwa kwa uzito. Waliochora Kondoa na Singida walikuwa wanadamu. Kuwalinganisha na viumbe wa sayari nyingine kunaweza kuonekana kuwadhalilisha, na kunaweza kuwapa silaha wale wanaopenda kudai kwamba Waafrika hawakuwahi kujenga wala kubuni chochote.

Pingamizi hilo lina historia. Magofu ya Great Zimbabwe yalihusishwa na waandishi wa kikoloni na Wafoinike au na Malkia wa Sheba. Uchunguzi wa David Randall-MacIver wa mwaka 1905 na ule wa Gertrude Caton-Thompson wa mwaka 1929 ulionesha kwamba yalijengwa na Waafrika. Miji ya pwani kama Kilwa nayo ilielezwa kwa muda mrefu kuwa kazi ya wageni waliovuka bahari, hadi kazi za wanaakiolojia, akiwemo Felix Chami, ziliposisitiza mizizi yake ya wenyeji. Mwaka 1968 Erich von Däniken alichapisha kitabu kilichodai kwamba viumbe kutoka angani waliitembelea dunia ya kale na kuacha alama katika majengo na sanaa za mataifa mbalimbali. Hapo motifu ya bunilizi iliuzwa kama historia.

Mantiki ya madai hayo yote ni moja. Kwanza hutangazwa kwamba wenyewe wametoweka. Kisha, kwa kuwa hakuna anayedai, urithi hugawiwa mgeni. Kwa sababu hiyo, tamko la kutoweka linahitaji ushahidi kabla ya kukubaliwa. Engaruka, katika Wilaya ya Monduli, ni mfano mzuri. Wakulima wa huko walijenga mifereji na matuta ya mawe katika eneo la takriban kilometa za mraba 20, na makazi hayo yaliachwa baada ya karne kadhaa za kilimo. Lakini watafiti wamewahusisha wakazi wake na jamii zilizo hai, wakiwemo Wairaqw na Wasonjo. Kuhama si kutoweka.

Ndivyo ilivyo pia kwa wachoraji. Mwaka 1971 Eric Ten Raa aliihusisha michoro ya miambani na maisha ya Wasandawe, jamii iliyo hai katika Mkoa wa Dodoma. Wahadzabe, ambao wanaendelea na uwindaji na ukusanyaji, wanaishi kuzunguka Ziwa Eyasi, na baadhi yao wamo katika Wilaya ya Mkalama, ndani ya Mkoa wa Singida wenyewe. Haitakiwi kudai kwamba kila mchoro ni wa mababu wa jamii hizo. Inatosha kusema kwamba anayewaita wachoraji "watu waliotoweka" bila kuwauliza majirani hao amefunga mlango ambao ungali wazi.

Kwa hiyo ulinganisho wa makala hii haugeuzi wachoraji kuwa viumbe wa anga. Unafanya kinyume chake. Unaonesha kwamba ugeni katika bunilizi ya kisayansi ni tendo la msomaji, na tendo hilo linaweza kukataliwa. Padri wa Clarke anaanza na viumbe wasio na sura ya jamii yake na anamaliza akiwaombolezea kama ndugu. Dzombo anatupwa mahali pa kufia na anakuta jina linalomwambia kwamba amefika kwa watu wake.

7.0 Hitimisho

Makala hii imefafanua kwamba ustaarabu uliotoweka katika bunilizi ya kisayansi huathiri kupitia kitu, mahali na maarifa, lakini mwelekeo wa athari hiyo huamuliwa na nafasi ya mrithi. Mrithi aliyekusudiwa hupokea deni, mrithi anayejidhani huamsha maangamizi asiyoyasoma, na mrithi asiyetarajiwa hujenga soko juu ya asichokielewa. Riwaya za Kiswahili zimeongeza nafasi ya mrithi mwenye undugu, ambayo haikupewa uzito katika kazi za nje zilizochambuliwa.

Matokeo ya uchambuzi huu ni mawili. Kwa mhakiki, kazi ya Kiswahili isihukumiwe kuwa ya kisayansi au la kwa kuhesabu mitambo yake, bali kwa kuuliza ni uhusiano gani inaoujenga kati ya walio hai na mabaki. Kwa mwandishi wa bunilizi anayetaka kuitumia miamba ya Singida au Kondoa kama mandhari ya hadithi yake, yapo maswali matatu ya kujibu kabla ya kuandika: nani ametamka kwamba wenyewe wametoweka, nani anaishi jirani na mabaki hayo leo, na nani atafaidika ikiwa wataitwa wageni.

Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Katika nchi ambayo mawe mengi hayakupangwa na yeyote na machache yaliandikwa kwa mkono, kuijua asili kunaanza na kutofautisha mawe hayo, kisha na kutembea hadi kwa jirani kuuliza kabla ya kusema kwamba waliochora hawapo tena.